Maji Chini ya Lori

Harufu ya gudroni ikiungua ndiyo iliyonirudisha nyumbani. Gudroni ni lami. Sisi watu wa Uvira tuliita hivyo. Nilikuwa nimesimama kwenye gereji ya Mkenya mmoja hapa Mount Druitt, Australia, mikono ndani ya koti, nikingoja vani yangu ipulizwe mafuta ya kuzuia kutu. Vani yenyewe ilitoka Japani, sehemu zile za theluji ambako wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani. Fundi akaiinua, akapasha moto ile ngozi nyeusi iliyopakwa chini, akaichokoa kwa bisibisi. Bisibisi ikazama kama kwenye mkate uliolowa.

"Mathe, hapa walipaka poda tu," akasema. "Hawakuosha chumvi. Wameifungia humo ndani, nayo imekula chuma polepole. Afadhali wangeacha wazi."

Nikakaa juu ya tairi. Akadhani ninasikitikia vani.

Baba yangu na mdogo wake, Kashindi, tuliyeishi naye nyumba moja, walikuwa na lori la kubeba chumvi kutoka bandari ya Kalundu kupanda mpaka Bukavu. Magunia yalivuja, mbao za sakafu zilikuwa na nafasi, na lori likirudi lilikuwa limeota weupe chini ya tumbo kama ndevu za mzee. Kuku wa Koko, mama ya baba yangu, waliingia chini yake kudonoa. Na chumvi inaua kuku. Basi kila lori lilipolala kwetu, Koko aliamka kabla ya watu, akavuta ndoo yake, akapiga magoti chini ya lori na kulimwagia maji huku akilitukana kama mke mwenza. Mimi niliyelala naye mkeka mmoja nilisikia kila kitu: maji yakipiga chuma, yeye akisonya. "Mchawi wa kuku wewe," aliliambia lori.

Habari za kutu hakuzijua. Alitaka kuku wake waishi, basi.

Kashindi alikuwa mtu wa kupenda kung'aa. Akapata gudroni kwa watu waliokuwa wanatengeneza barabara, akalipaka lori chini kote siku ileile liliporudi, chumvi ikiwa bado imeshika. Likawa jeusi, zuri, na mtaa mzima ukaja kuchungulia. Akamkataza Koko kumwaga maji tena, ati anamharibia rangi. Koko aliitikia kwa mdomo tu. Alfajiri ndoo ilitoka kama kawaida, maana chumvi mpya ilidondoka kila safari. Lakini ile ya zamani maji hayakuifikia tena.

Mvua za mwaka uliofuata, chasi ikakatika kwenye mlima wa Ngomo. Baba hakurudi.

Kilio hakijaisha, Kashindi akasimama mbele ya watu akasema mama yake mwenyewe huonekana alfajiri chini ya lori, anamwaga kitu na kunong'ona. Mchungaji Mulamba akaliingiza neno hilo kwenye maombi. Mama Zawadi, jirani ambaye Koko alimlelea watoto, akasema hata yeye aliona. Ninawataja kwa majina kwa sababu wao walilitaja la Koko.

"Mliona maji," Koko akasema. "Yalikuwa maji."

Mimi nikasema ni sababu ya kuku. Kuna waliocheka. Mama akaniziba mdomo kwa kiganja chake, kimelowa machozi.

Wakampeleka ng'ambo ya mto, kwenye kibanda cha peke yake, na sisi watoto tukakatazwa kuvuka. Alifia huko. Muuza makaa ndiye aliyemkuta. Halafu vita ikaja, ikabeba karibu wote waliobaki.

Kashindi hakubebwa. Yuko hukuhuku Australia, mji mwingine, mzee wa kanisa. Jioni ile ya gereji nikampigia simu, nikamweleza maneno ya fundi.

"Hayo ni ya zamani, binti yangu. Tumwachie Mungu."

"Baba mdogo, ulijua?"

Akasema fundi aliyetumwa mlimani kulitazama lori alimwambia hayohayo siku ileile, kabla ya mazishi. "Ungetaka nisimame pale niseme nimemuua kaka yangu?"

Nilikata. Watoto wangu walikuwa sebuleni wanaongea Kiingereza chao, na sikuwa na mtu wa kumweleza.

Utotoni nilidhani watu wazima wanaamini wanachokisema. Nilidhani Kashindi amekosea, na mtu akikosea, siku moja atatambua. Kwa hiyo baada ya Koko kupelekwa nililala upande wangu tu, nikamwachia nafasi yake, usiku baada ya usiku, nikingoja baba mdogo atambue. Na muda wote huo alikuwa chumba cha pili, anajua.