Mama na Mkwe Wake Mlangoni

Mama yangu ameuza vitenge Kisangani tangu sijazaliwa, lakini kwa mambo ya ukwe bado ni mtu wa Kivu kabisa. Mume wangu hajawahi kumwona akitafuna. Akiingia tu, mama huweka sahani chini na kufuta mdomo.

Walipomtoa uvimbe wa kansa kwenye utumbo mpana, upasuaji ulikwenda vizuri, ila utumbo ukagoma kuamka. Tumbo lilivimba, akatapika, wakampitishia mpira puani. Daktari hakutuficha: umri umekwenda, upasuaji ulikuwa mrefu, dawa kali za maumivu huzubaisha utumbo, na chumvi ya damu imeshuka. Chumvi na dawa wangeshughulikia wao.

"Lakini kulala siku nzima hivi, bon, ile iko kazi yenu," alisema. "Atembee. Niko nangoja hewa itoke chini, nijue utumbo umeamka. Ikikawia sana, pengine tutafungua tena."

Kufungua tena, kwa mwili ule!

Mama naye hakutaka kuinuka. "Niache, mutoto yangu, nimechoka." Mama yangu, achoke! Mwanamke anayebishana na madereva wa malori tangu asubuhi na kuwashinda! Nilimkasirikia waziwazi, mpaka nilipoona macho yake yanakwenda mlangoni. Pale alikaa mume wangu, aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini kwenye uwanja wa ndege wa Bangboka, akimlinda mgonjwa kwa moyo wote. Nikaelewa. Nikamwambia atoke.

"Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Wewe iko bokilo yake."

Mkwe wa watu akaenda kukaa kwenye benchi, mwisho kabisa wa ukumbi.

"Lete kitenge," mama akasema papo hapo. Gauni la hospitali halikumfaa hata kwa hatua moja. Nilimfunga kitenge kwa ulegevu, nisiguse kidonda, nikamfunga na kilemba. Mfuko wa mkojo aliubeba mwenyewe kama mkoba wa kwenda misa. Tulitembea, tukapumzika, tukatembea tena, na kesho yake hivyohivyo. Jasho lilimtoka, lakini hakulalamika, nami nilijiona mtoto wa malkia.

Alasiri moja, katikati ya ukumbi, hewa ilitoka. Ilitoka kwa sauti, ndefu, mbele ya wagonjwa na ndugu wote wanaowalinda. Kule kwenye benchi mume wangu akageukia ukuta, simu sikioni, akijifanya anaongea.

Mama akasimama. Nilimshika mkono, nikidhani aibu itamwangusha pale pale. Akanyoosha shingo na kilemba chake.

"Papa!" akamwita mkwe wake, ukumbi mzima ukasikia. "Acha simu. Ni mimi. Kimbia, uite doktere."