Alama ya X Ubavuni mwa Behewa

Mzee Isihaka hakuwa mtu wa kubembelezwa. Miaka thelathini na moja alikuwa mkaguzi wa mabehewa hapa Mbeya, akigonga magurudumu kwa nyundo na kutega sikio kama mnunuzi wa tikiti maji sokoni, na huko ndiko alikozoea kusema "bovu" bila kupepesa macho. Sasa amestaafu, yuko kwake Iyunga, na ukali wake kahamia nao nyumbani. Bawaba ya mlango ikilegea tu, mkewe Mwantumu atasikia habari yake mpaka adhuhuri.

Ndiye huyo Amit aliyemfungia safari kutoka Iringa. Amit ana duka la vifaa vya shule Ipogolo, na alikuwa ameanza kutengeneza mabehewa madogo ya plastiki: vipande ndani ya boksi, mnunuzi anaviunganisha mwenyewe kwa gundi. Wateja wake ni watu wazima wa ng'ambo, watu wanaopima hadi msumari, na ukikosea wanakuanika mtandaoni. Alitaka mzee aikague kazi, na akiridhika, saini yake ichapwe juu ya boksi kwamba behewa limehakikiwa.

Mzee alifurahi, tusidanganyane. Tangu astaafu hakuna aliyemuuliza neno kuhusu behewa. Akavaa miwani, akachukua rula, akalianza lile behewa la mfano kutokea chini. Magurudumu sawa. Vibati vya springi akavihesabu, sawa. Milango na makomeo yake, sawa. Akafika mwisho wa behewa, mahali pa gurudumu la breki ya mkono, akakuta patupu.

Weee! Alimwambia Amit kwamba kampotezea asubuhi yake, kwamba behewa lisilo na breki ya mkono ni jeneza lenye magurudumu, na kama hakujua hilo angebaki kuuza madaftari. Amit akabisha kwa adabu. Alilipima behewa halisi aliloliiga kwa futi siku mbili nzima, na picha anazo, halina breki. Kisha akatandaza mezani stika za kubandika ubavuni. Palikuwa na namba, na chini ya namba alama kubwa nyeupe ya X.

Mzee aliijua ile namba. Behewa lile limetupwa majanini kwenye njia ya pembeni, limeng'olewa kila kinachong'oleka. Amit alilichagua kwa sababu ndilo pekee lililotulia. Mengine yanaondoka kabla hujakunja futi.

"Na hii X umeielewaje?"

"Nilidhani ni nembo, mzee."

Hapo mzee akalipuka. Nyumba za kwao Ipogolo zikipigwa X kando ya barabara kuu, hata mtoto wa chekechea anajua zinabomolewa; kwenye behewa ndiyo imekuwa urembo? Alipiga meza mpaka chai ikamwagika, na Mwantumu akatoka jikoni kuangalia kulikoni. Amit, masikini, akawa anaokoa stika zake zisilowe. Akasema ataiondoa X, ataweka na breki, mambo yaishe, mzee asaini tu. Akamwekea kalamu mkononi.

Mzee akaitazama ile kalamu. Alichokisema baada ya hapo hata Mwantumu alikuwa hajawahi kukisikia. Asubuhi moja treni ilikuwa imechelewa, mkubwa wao anafoka, na yeye akalipita behewa lile mbiombio. Breki ya mkono hakuigusa. Akasaini kwamba ni zima. Mchana likaserereka lenyewe mteremkoni, likambana Filemoni, rafiki yake, aliyekuwa akiunganisha mabehewa. Hospitali hakufika. Kwenye mazishi mke wa marehemu alimshukuru Isihaka kwa kuwa rafiki mwema, naye akaitikia. Amejichukia kwa kule kuitikia mpaka leo.

"Hiyo X niliipiga mimi," alisema, sauti bado ina hasira, ila sasa haikuwa ya kumlenga Amit. "Niliipiga kesho yake."

Mwantumu alikuwa amesimama na kitambaa cha kufutia meza, hafuti.

"Kazi yako haina kosa hata moja, Amit. Umelipatia lilivyo. Lakini saini yangu behewa hili lilishaipata."

Akamrudishia kalamu.