Dibaji Aliyoikata Kaka Minnegali

Telegramu ilitukuta tukinyonyoa mabata bukini. Ilikuwa zamu ya nyumba yangu kusaidiwa. Wanawake wa mtaa walijaa jikoni, manyoya mpaka kwenye nyusi, wakimtania binti wa jirani kwamba anayenyonyoa polepole huolewa na mwenye kipara. Galima wa posta akaingia, akakataa kukaa, akaomba chai. Chai ilipoletwa hakuinywa.

"Sema tu, shoga," nikamwambia. "Wewe hukatai kiti changu bure."

Akanipa karatasi. Wifi yangu Sufiya alikuwa ameandika kutoka Kazan: Minnegali amefariki. Njoo. Mazishi yanasimamiwa na taasisi.

Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Nilimlilia kaka yangu, lakini maneno yaliyonichoma ni yale ya mwisho. Taasisi ile ya fasihi alikofanya kazi ilikuwa imemsimamia maisha yake yote, na sasa ilitaka kumsimamia hata maiti.

Tulizaliwa katika nyumba ambayo vitabu vilifichwa nyuma ya matofali ya jiko. Baba alisomesha watoto Kurani. Watu wa serikali walimchukua, hakurudi. Mama alihifadhi moyoni shairi refu la Kulbarak, mshairi wetu wa kale, na aliliimba akikamua ng'ombe. Minnegali alilipokea hapo, akiwa ameshika ndoo.

Alirudi kutoka vitani bila vidole viwili, akasema atakuwa msomi wa shairi lile. Akaingia Chama cha Kikomunisti, kwa kuwa nje ya Chama hapakuwa na mlango. Kila kiangazi alizunguka vijijini akiwabembeleza vikongwe wampe nakala zao za shairi zilizoandikwa kwa mkono kabla hazijazikwa makaburini, kama tufanyavyo na maandiko yaliyochakaa. Walimpa kwa ajili ya jina la Baba.

Kitabu kilipotoka alikileta nyumbani mwenyewe. Kilipigwa chapa kwa herufi za Kirusi, ambazo Mama hakuzijua, kwa hiyo nilisoma mimi.

"Anzia mwanzo," Mama akasema.

"Ndio mwanzo huu, Mama."

"Mwanzo gani? Shujaa keshapanda farasi! Bismillahi iko wapi? Sifa za Mtume ziko wapi?"

Kaka aliinamisha kichwa. "Dibaji yote imekatwa, Mama. La sivyo kitabu kizima kingekataliwa."

"Nani kakata?"

"Mimi."

Mama akaniashiria niendelee. Nikasoma utangulizi, aliouandika kaka yangu. Ulisema kwamba Kulbarak alimtaja Mungu kwa kuwaogopa mashehe wa zama zake, ila moyoni alikuwa mtu huru.

"Kulbarak kamwogopa nani?" Mama akauliza. "Anayeogopa ni wewe, mwanangu. Halafu unamsingizia maiti. Umemchinja bila bismillahi, sasa unatukaribisha tule."

"Kwenye toleo la pili nitarudisha kila ubeti. Naapa."

"Usiape. Sema inshallah."

Alinitazama, akautazama mlango, na hakusema. Mama hakukigusa kile kitabu mpaka alipofariki.

Kitabu hicho kilimpa kaka yangu cheo, nyumba ya vyumba viwili na jina magazetini. Raha hakikumpa. Kila mipango ya uchapaji ilipopangwa, alipeleka maombi ya toleo la pili lenye dibaji yote na utangulizi mpya. Mkurugenzi wake, Salikhov, alikuwa kijana aliyefundishwa kusoma maandishi ya kale na kaka yangu huyo huyo. Siku moja nilikuwapo ofisini, nimewapelekea asali.

"Mwalimu," Salikhov akacheka, "bado unamtafutia Mungu kibali cha kukaa mjini?"

"Namtafutia Kulbarak," kaka akajibu. "Mungu alikuwa hapa kabla ya ofisi yako."

Wote wakacheka. Baada ya muda si mrefu wakamwondoa kwenye ukuu wa idara, wakampa meza karibu na ghala la karatasi. Hawakumkatalia kamwe. Walimwambia mwakani. Nywele zake zikawa nyeupe kwa neno hilo. Mara ya mwisho alipokuja kijijini, tukiwa tumekaa nje ya bafu la mvuke, aliniambia, "Bibinur, safari hii wamesema mwakani kwa uhakika." Nikammiminia chai nyingine.

Nilikwenda Kazan pamoja na Babu Nurgali, mwashi mstaafu anayetuswalishia maiti. Nilibeba sanda niliyojiwekea mwenyewe.

"Fanyeni upesi," Sufiya akatuambia, macho yamevimba. "Gari lao linakuja. Na wifi, lazima avae suti. Watamwona."

Babu Nurgali alimwosha na kumkafini. Suti hatukumvika, tuliilaza juu ya sanda kama blanketi, na tai tukaipanga shingoni. Ndivyo alivyopelekwa kwenye ukumbi wa taasisi, katika jeneza lililofunikwa kitambaa chekundu, medali zake kwenye mto.

Salikhov alizungumza kwa kirefu. Alisema marehemu alimtoa Kulbarak katika ukungu wa dini, akamsafisha masizi ya misikiti, akawapa wananchi mshairi safi. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya maisha yake, alisema, na hatutaruhusu ibadilishwe.

Nikainuka. Sufiya akanishika mkono kwa nguvu.

"Wifi, kaa chini. Mwanangu anasoma hapa hapa."

Nilikaa. Wengine wakasema yale yale kwa maneno mengine, wakapiga makofi, mbele ya maiti.

Makaburini bendi ilipiga wimbo mmoja, na baridi ikawafukuza watu wa taasisi. Salikhov alimpa Sufiya mkono na kuondoka na gari la taasisi. Wanawake tulibaki langoni, kama ilivyo desturi yetu. Kutoka pale niliwaona wanaume wachache waliosalia wakiondoa suti, wakamtoa Minnegali katika jeneza na kumswalia wamesimama kwenye theluji. Wakamshusha, wakamlaza katika mwanandani kwa ubavu wa kuume, uso kibla. Wakaweka mbao, wakafukia. Babu Nurgali alibaki nyuma kusoma talakini, na sauti yake haikutufikia. Aliporudi alinikabidhi ile suti imekunjwa, nami nikampa Sufiya.