Kutoka Mlangoni Kwenda Jebel

Kiswahili ni chepesi kumfundishia mtoto kusoma, na anayebisha nampa chaki ajaribu kwa Kiingereza. Ba ni ba leo, na kesho itakuwa ba. Ndiyo maana shule yetu hapa Gudele, mjini Juba, iliamua darasa la kwanza waanze na silabi za Kiswahili, ingawa watoto wenyewe husema Kiarabu cha Juba tangu wanapoamka hadi wanapolala. Kiswahili wanakisikia tu kwetu sisi tuliolelewa Kenya, na kwa wenzetu waliorudi kutoka Uganda.

Darasa langu ni rakuba: nguzo za miti, kuta za matete, mabati juu. Ukitazama ubao, mlango uko kushoto. Upande wa kulia, pale matete yalipoachia, unaonekana mlima wenyewe, Jebel Kujur. Watoto wadogo hawajui kushoto wala kulia, nami sina subira ya kufundisha mambo mawili kwa mpigo, kwa hiyo sheria yangu ni fupi. Tunaanza mlangoni, tunaelekea Jebel.

Msichana ninayemkumbuka aliletwa na mama yake mdogo, anayeuza chai katika soko la Jebel. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake wote darasani. Vita vilipofika mtaani kwao Khartoum, aliondoka na majirani. Mama yake alibaki kumuuguza bibi, na tangu hapo simu yake haikupatikana. Mama mdogo aliyasema hayo yote msichana akiwa amesimama pale pale, anatazama viatu vyake.

“Mwalimu, mimi iko na mapacha nyumbani,” akaniambia kwa Kiswahili chake cha Uganda. “Huyu akishika kusoma, sawa, atasoma. Kama muhula naisha na yeye bado hapana jua, yeye nakaa na watoto, mimi nauza chai. Mimi hapana mubaya. Mikono yangu iko mbili tu.”

Sikumwona mbaya. Nilimwona mchovu, na nilijua atafanya kama alivyosema.

Wiki za kwanza nilijipongeza. Silabi huwa naziandika zikiwa zimeachana kidogo, watoto wanazipigia makofi, na msichana huyu alizimeza zote. Baba, mama, kaka, dada, kuku: alisoma bila kukwama mahali. Nikamwambia mwalimu mkuu kwamba safari hii tumepata kichwa. Kisha tukafika kwenye neno maji.

“Ji-ma,” akasoma.

Wenzake wakacheka. Nikampa bata, akasoma taba. Nikampa lima, akasoma mali, na hapo nikakasirika, kwa sababu mali ni neno, na nilidhani ananifanyia mchezo. Nikalichukua daftari lake. Alikuwa amelianza kutoka nyuma, ukurasa wa mwisho ndio wake wa kwanza, mwandiko safi kabisa. Ndipo nilipoelewa. Khartoum alikuwa ameshaanza shule, na maandishi ya Kiarabu huanzia kulia. Macho yake yalitoka Jebel yakaja mlangoni. Na baba, uanzie upande wowote, ni baba. Mama vilevile. Maneno yetu ya kwanza yote yalikuwa yamemsitiri.

“Samaki mkunje angali mbichi,” mwalimu mkuu akanishauri. Ni mwanamke mkali, naye alikulia Nairobi, na methali hiyo hamalizi wiki bila kuitumia. Mimi nilijiuliza utafanyaje na samaki ambaye amekwisha kukunjwa upande wa pili.

Nikamhamishia karibu na mlango. Kabla ya kusoma, aguse nguzo ya mlango kwanza, halafu ndiyo aweke kidole kwenye silabi. Watoto walimtania wakamwita Biniya ta Jebel, msichana wa Jebel. Alikuwa akigusa ile nguzo hata wakati wa kuhesabu. Mwisho wa muhula ulipokaribia alikuwa anasoma maji, lima na meza bila kosa, na mimi nilianza kulala vizuri.

Siku ya mtihani mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kupima nani anapanda. Mtindo wake ni mmoja: anaandika sina au nina, anaongeza neno lolote tulilosoma, mtoto anakuja ubaoni. Mtoto ambaye kwao kuku wanalala hadi kitandani akaimba “Sina kuku” bila wasiwasi wowote. Akapita. Mwingine akasema ana bata. Akapita.

Zamu ya msichana ilipofika, mwalimu mkuu akaandika, bila kufikiri, maana maneno yalikuwa yanamwishia: si na ma ma.

Msichana akagusa nguzo. Akaja, akaweka kidole chini ya si. Niliona midomo yake ikitembea bila sauti mpaka mwisho wa mstari. Kisha akakiondoa kidole, akakipeleka upande wa Jebel, akasoma kwa sauti:

“Ma-ma na-si.”

Darasa likalipuka. Biniya ta Jebel! Mwalimu mkuu akatikisa kichwa. “Amerudi kule kule. Mwalimu, huyu bado.”

Niliogopa, nasema wazi. Niliwaona wale mapacha mgongoni mwake. “Anza mlangoni,” nikamwambia. “Unajua. Anza mlangoni.”

Hakugeuka. “Ana arufu, ustaza,” akasema. “Lakin kalam de ma sah.”

Kiarabu cha mwalimu mkuu kinatosha kununulia nyanya tu. “Anasema nini?”

“Anasema anajua pa kuanzia,” nikamjibu. “Anasema maneno hayo si kweli.”

Mwalimu mkuu aliutazama ubao, akausoma mstari wake mwenyewe kana kwamba umeandikwa na mtu mwingine. Kisha akausogelea, akaifuta herufi moja kwa kidole gumba, mahali pake akaandika n.

“Soma, mwanangu,” akasema.

Msichana akarudi mlangoni, akagusa nguzo upya, akaja. Kidole kikaanza kushoto.

“Ni-na ma-ma,” akasoma, kwa sauti iliyofika darasa la jirani.

Alipanda. Mama mdogo alipokuja kumchukua nilimwambia kwamba mtoto anajua kusoma, akashukuru, akauliza shule inafunguliwa lini. Simu ya Khartoum haijapatikana hadi leo. Mwalimu mkuu bado anakuja kuwapima wanangu kila muhula, na bado anaandika sina na nina. Lakini sina yake siku hizi ni ya kuku na bata tu.