Kanda ya Bibi

Sisi tuliosoma shule ya msingi kule Machame mwishoni mwa miaka ya themanini, kibao tunakijua. Kipande cha ubao chenye kamba ya katani, kinanuka jasho la shingo za wenzako. Ukikutwa unaongea kilugha, unavalishwa, na huvui mpaka umkamate mwingine. Nilikivaa siku tatu. Nikakivua kwa kumchongea rafiki yangu, aliyejikwaa akamlilia mama yake kwa Kichagga. Wee, nilifurahije!

Raha ilikuwa kwa Bibi, mama mzaa baba. Mtori unachemka, moshi unatutoa machozi, naye akisimulia kwa Kichagga hapumui. Maneno yake yalishikana, hujui hili linaishia wapi.

Likizo moja akaja mwalimu wa chuo, mpole, ana redio kaseti na daftari la herufi za ajabu, nyingine zimevaa kofia. Alisema sauti zikikaa jirani huambukizana: hii haijamaliza kutoka, mdomo umeshaanza kuiandaa inayofuata. Hayo ndiyo aliyotaka kuyaandika.

"Shikamoo, Bibi. Kesho nikirudi, ongea tu kama siku zote."

Mimi nikaona aibu. Mgeni wa chuo, halafu Bibi aongee ovyo? Nikamkalisha chini ya migomba, nikamfundisha kama tulivyofundishwa kusoma shuleni: neno moja, nyamaza, neno lingine. Maskini, akanitii. Aliamini mtoto wa shule ndiye anayejua.

Kesho yake Bibi alitoa neno mojamoja kama anahesabu mayai. Mwalimu akambembeleza weee, mwisho akafunga daftari. Kanda akaniachia mimi, kwake haikuwa na kazi. Masika yaliyofuata tukamzika Bibi.

Watoto wa siku hizi wanarekodi hata sahani ya chipsi kabla hawajala. Wangu wamezaliwa Moshi mjini, Kichagga hawakijui, wananiuliza bibi yangu aliongeaje. Niwajibu nini? Walimu wangu wa kibao sijawasamehe, na mimi mwenyewe sijajisamehe.

Juzi niliwawekea kanda. Neno, kimya, neno, kimya. Wakaanza kupiga miayo. Karibu na mwisho kuku akaingia jikoni, Bibi akajisahau, akamfukuza kwa sauti yake yenyewe, maneno yanakimbizana. Nikaruka kitini: ndiye huyo! Msikilizeni!

Hapo kwenye kanda ikasikika sauti ya mtoto, kali kama ya mwalimu: "Bibi, ongea vizuri."

Bibi akanyamaza.