Badi wa Makompyuta na Majina ya Hitima

Mwaka wa tisini na nne, ukienda Utange kuulizia nyumba ya Badi bin Khamis, ungeulizwa kwanza ni Badi yupi, maana akina Badi walikuwa wengi kule. Ukisema Badi wa makompyuta, basi, ungepelekwa hadi mlangoni, na njiani ungesimuliwa mengi usiyoyauliza.

Badi alikuwa karani wa ghala katika kampuni moja ya kupitisha mizigo huko Changamwe. Kazi yake ilikuwa kuhesabu makasha yanayoingia na yanayotoka, na aliifanya vizuri bila kuipenda. Alichokipenda ni vile vilivyotupwa. Wengine walipita kando ya jaa nyuma ya ofisi wakiziba pua. Yeye alipita akichungulia. Ndivyo alivyopata redio ya zamani iliyotaka kupashwa moto kwanza ndipo iseme neno, simu za kuzungusha kwa kidole, gramafoni isiyo na sindano, na televisheni mbili, moja yenye picha bila sauti na ya pili yenye sauti bila picha. Hizo aliziweka pamoja ukutani, akazitazama kwa miaka sita kama televisheni moja, na wageni walipocheka aliwauliza kinachochekesha.

"Ya kale ni dhahabu," alikuwa akimwambia mkewe, Mwanamkasi.

"Dhahabu haipigi watu shoti," Mwanamkasi humjibu, kisha huendelea na shughuli zake.

Mwaka wa themanini na tisa kampuni ilinunua kompyuta mpya, na ile ya zamani ikatolewa nje, ikaanikwa juani pamoja na viti vilivyovunjika. Ilikuwa nzito kama gunia la mchele. Kioo chake kidogo kiliandika kwa rangi ya kijani, na kila ilichotakiwa kukikumbuka kilihifadhiwa kwenye diski laini, pana kama kisahani. Badi aliomba aichukue, akakubaliwa kwa kicheko. Hamali aliyeisukuma kwa mkokoteni kutoka Kongowea, ilikoshushwa na gari, alimwuliza kama hiyo ni friji.

"Ni bora kuliko friji," Badi akasema, bila kujua ni bora kwa lipi.

Na hapa niseme kweli, kwa sababu wapo wanaomsifu mno: Badi hakuwa fundi. Alivipenda vyombo vile bila kuvifahamu. Mwezi mzima wa kwanza, kila alichoiandikia ile kompyuta ilimjibu kwa Kiingereza sentensi moja tu, iliyoanza na neno *Bad*. Badi akaamini kuwa inamwita kwa jina, ila kwa uzee wake imesahau herufi ya mwisho. Akawa anaitikia, "Naam!" na kungoja. Haikumwambia neno zaidi.

Aliyemtoa katika ujinga huo ni Justus Mutua, Mkamba aliyekaa upande wa Airport na kutengeneza mashine za maofisi. Mutua alimwambia kuwa neno lile maana yake ni mbaya, kwamba amri aliyoandika haieleweki. Badi aliona haya kwa siku mbili. Siku ya tatu alikwenda kumleta Mutua nyumbani, na kuanzia hapo Jumamosi zao zilikuwa za kompyuta. Kufikia mwaka wa tisini na tatu kompyuta zilikuwa nne chumbani, mbili zikiwaka, na printa moja iliyopiga kelele kama mtu anayekwangua sufuria.

Hata hivyo swali la yule hamali lilikuwa bado halijajibiwa. Ni za nini? Majirani waliuliza, mashemeji waliuliza. Mwanamkasi alikuwa amekwisha kuacha kuuliza, na hilo ndilo lililomuuma Badi kuliko yote.

Jibu lililetwa na mchwa. Msikiti wa mtaa ulikuwa na daftari la hitima, daftari nene la jalada jekundu, lililoandikwa majina ya marehemu wa mtaa mzima. Kila mwaka, Ijumaa ya mwisho ya Shaabani, baada ya sala ya alasiri, watu hukusanyika, juzuu zikasomwa, na mwisho Maalim Stambuli hufungua daftari na kutaja majina yote, mmoja mmoja, ili dua iwafikie. Wanaume huwa mbele na wanawake nyuma ya pazia. Sasa mchwa walikuwa wameingia kabatini na kuanza kulitafuna daftari kutoka pembeni.

"Shikamoo Maalim," Badi alimwendea. "Nipe mimi. Nitayatia ndani ya kompyuta. Huko mchwa hafiki."

Maalim alifikiri, akalifunga daftari kwa kitambaa, akampa kwa mikono miwili.

Mwanamkasi alipoliona juu ya meza alisimama mlangoni. "Baba Khamis," akasema, "majina ya watu si misumari ya ghalani. Angalia unavyoyahesabu."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mtoto wao wa kwanza alikufa kwa homa mwaka wa themanini, ana miaka mitano. Kama desturi, alikuwa amepewa jina la babu yake. Badi ni mwana wa Khamis, na huyo Khamis naye alikuwa mwana wa Badi. Kwa hiyo babu aliitwa Khamis bin Badi, na mjukuu akaitwa Khamis bin Badi, bila tofauti hata ya herufi. Katika daftari hawakuchanganyika. Babu alikuwa ukurasa wa pili, kati ya wazee wenziwe. Mjukuu alikuwa nyuma kabisa, ukurasa wa watoto, baada ya kitoto kimoja cha kike kiitwacho Tima. Kila mwaka, Maalim alipomtaja Tima, Mwanamkasi nyuma ya pazia hufumba macho, kwa kuwa alijua anayefuata. Ni kwa ajili ya huyo anayefuata alikuwa akija msikitini.

Badi aliyajua haya yote. Nasema aliyajua, msije mkadhani nimesahau kuwaeleza.

Aliandika wiki tatu, kila akitoka kazini. Vifungo vya kibodi vilikuwa vimechoka: ukibonyeza mara moja, herufi hutoka mara mbili. Umeme nao ulikuwa na tabia yake. Siku moja ulikatika katikati ya kazi, na uliporudi Badi hakujua kama nusu aliyokwisha kuandika imehifadhiwa au imepotea. Alitazama kioo, akakitazama tena, akashindwa kufahamu. Akaona heri aandike upya. Kumbe baadhi yalikuwa yamehifadhiwa na baadhi yamepotea, na orodha ikawa vurugu: huyu yuko mara moja, yule mara mbili, mwingine mara tatu.

Jumamosi Mutua alipokuja, alichungulia akapiga mluzi.

"Mzee, hii kitu imejirudia mingi sana. Lakini usijali, hiyo si shida. Tunaiambia ipange kwa alfabeti. Majina zinafanana zitakaa pamoja, na wewe unafuta ile imezidi."

"Na nikifuta isiyozidi?"

"Sasa utafuta aje isiyozidi? Kama jina ni sawa na baba ni sawa, si huyo ni mtu mmoja?"

Badi akasema kweli, ni mtu mmoja. Mutua hana lawama. Kwao mtu hujulikana kwa namna nyingine. Lawama, kama ipo, ni ya aliyezaliwa Utange, katika nyumba ambayo majina hubadilishana zamu, babu na mjukuu, babu na mjukuu.

Mashine ikaunguruma, ikatulia, na majina yakajipanga upya kuanzia Abdalla. Badi akakaa na kidole kimoja juu ya kifungo cha kufuta. Alishuka mstari kwa mstari kama mtu achambuaye mchele. Akiona mawili, hubakisha moja. Alifuta arubaini na tatu, na ilimpendeza, kwa kuwa mara ya kwanza maishani mwake kompyuta ilikuwa ikimtii. Akamshukuru Mutua. Wakachapisha orodha, karatasi ikitoka ndefu na kukunjana sakafuni. Majirani wakaja kusikiliza kelele, na safari hii hakuna aliyeuliza ni za nini.

Ijumaa ya hitima msikiti ulijaa. Juzuu zilikwisha, Maalim akavaa miwani, akaishika ile karatasi kwa heshima, akawaeleza watu kuwa mwaka huu marehemu wao wameandikwa kwa mashine, kazi ya ndugu yetu Badi, Mwenyezi Mungu amlipe. Watu wakaitikia amin. Badi aliinamisha kichwa, lakini alikuwa amejaa furaha hadi masikioni.

Maalim akaanza. Abdalla, Abdalla, Ali, Amina, Asha. Baada ya kitambo watu wakaanza kutazamana. Kwa miaka waliwajua wafu wao kwa majirani zao: mjomba hufuata baada ya seremala, bibi hutangulia mama. Sasa wazee walichanganyika na vichanga, na kila mtu alikuwa ametega sikio bila kujua wake atakuja lini. Mzee mmoja aliitikia amin kwa baba wa mtu mwingine, akashtuka, akanyamaza.

Badi hakuona tabu. Yeye alijua herufi za wake.

"Khamis bin Badi," Maalim akasoma.

"Amin," Badi akasema, akangoja la pili.

"Khamis bin Mwinyi," Maalim akasoma.

Badi akainua kichwa. Akadhani Maalim ameruka mstari. Akadhani yeye ndiye hakusikia vizuri. Akadhani huenda la pili liko mbele kidogo, mashine ikiwa imekosea kupanga, akangoja katika Kulthum, akangoja katika Mwanakheri, akangoja hata katika Salme, ambako halikuwa na sababu ya kuwako. Jina la mwisho lilikuwa Zuhura. Maalim akakunja karatasi, akanyanyua mikono kuomba dua.

Watu walipoinuka Badi aliiomba ile karatasi, akapitisha kidole. Khamis bin Badi lilikuwa moja. Akamweleza Maalim, maneno yakimtoka shaghalabaghala.

"Usijitese," Maalim akamwambia kwa upole. "Mtoto wa miaka mitano hana dhambi, yuko peponi. Na Mola anawajua wote, tuwataje tusiwataje."

Ilikuwa kauli njema, na ya kweli. Badi aliibeba njiani akitaraji itamfaa nyumbani.

Alimkuta Mwanamkasi chumbani mwa makompyuta, ambamo hakuwa akiingia ila kufagia. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mumewe, buibui bado mwilini.

"Iwashe," akasema.

Badi akaiwasha. Ilichukua muda wake, kama kawaida, na wote wawili wakangoja. Kisha herufi za kijani zikatokea, na Badi akashuka hadi kwenye mstari ule. Ulikuwa peke yake.

"Huyu ni nani?" Mwanamkasi akauliza.

"Ni Khamis."

"Khamis yupi? Babako au mwanangu?"

Badi alikitazama kioo. Alitafuta alama yoyote, chochote cha kumwonyesha kama aliyebaki ni mzee wa ukurasa wa pili au mtoto wa ukurasa wa nyuma. Herufi zilikuwa zile zile. Alijaribu kukumbuka kama alifuta mstari wa juu au wa chini, kisha akakumbuka kuwa hata angejua asingepata jibu, maana hakujua mashine ilimtanguliza nani.

"Sijui," akasema. "Lakini taliandika tena sasa hivi. Si kazi. Maalim yuasema Mola anawajua wote wawili, na mtoto..."

"Mtoto hana dhambi. Nalijua hilo tangu siku nilomvika sanda. Kwa Mngu sina wasiwasi. Nakuuliza wewe, Baba Khamis. Ulipoliona jina la mwanangu hapo, kabla ya kulifuta, ulifikiri nini?"

Badi alitaka kumpa kitu. Alirudi moyoni mwake hadi Jumamosi ile, akatafuta hata kusita kidogo, hata kidole kuwa kizito mara moja kati ya zile arubaini na tatu. Hakukumbuka kuliona. Alikumbuka furaha tu, na aliionea haya.

"Sikufikiri kitu," akasema. "Nilidhani ni mashine imekosea."

Mwanamkasi aliutazama ule mstari mmoja, mikono mapajani. Kisha akainuka, akajitengeneza buibui.

"Haya," akasema. "Mwakani tamtaja mwenyewe."