Gari Langu na Mama Mkwe Walivyokosa Hewa

Kwetu huku mama mkwe haongei na mkwe wake uso kwa uso. Hata akiona nyoka anakupanda mguuni, atamwambia binti yake, "Mwambie mumeo kuna nyoka." Ujumbe unafika mguu umeshavimba. Mimi shikamoo zangu nilikuwa nazirusha kutoka nyuma ya zizi, zikimfika zimfike.

Sasa mama huyo alikuwa na kifua. Kikimbana, akivuta pumzi wanasikia mpaka Kenya. Na kutoka kwake Itiryo mpaka hospitali Tarime mjini, gari la ukoo ni moja tu, langu, na lenyewe gonjwa.

Ugonjwa liliupata gereji. Nilimpa fundi achomelee bomba la moshi, akachomelea bila kuchomoa betri, kontroboksi ikaungua. Hicho ndicho kikompyuta kinachoiambia injini inywe mafuta kiasi gani. Akaniwekea nyingine, ameitoa kwenye gari lililopinduka. Kuanzia hapo taa ya injini ikawaka, ya njano kama jicho la paka. Moshi mweusi ng'ombe wanakohoa, petroli linakunywa kama wapwa kwenye harusi ya mjomba, na mlima likiuona tu linazima.

Fundi akachomeka mashine yake ya kupimia. "Sensa ya oksijeni, ile inayonusa moshi." Akabadilisha. Taa ikawaka. Akabadilisha tena. Ikawaka.

Nikamwambia, "Fundi, labda ugonjwa uko kwenye hiyo kontroboksi uliyoniletea."

"Mura, kijana wangu, ng'ombe wako akiumwa mimi nakuja kukufundisha kumchanja?" Gereji nzima ikacheka. Akaweka sensa ya tatu. Ikawaka.

Basi siku kifua kilipombana mama mkwe sawasawa, majirani wakampakia siti ya nyuma pamoja na mke wangu. Kioo cha ndani nikakigeuza kiangalie juu, nisije nikamwona mama mkwe usoni. Nikawa naendesha, kiooni naona paa la gari tu.

Tumetoka kidogo, nyuma nasikia, "Mwambie mumeo gari lake lina pumu."

"Mama anasema gari lina pumu."

"Mwambie siyo pumu. Ni sensa ya oksijeni."

Mama anavuta pumzi, anavuta, halafu: "Mwulize, yaani mimi natafuta oksijeni na gari linatafuta oksijeni? Tutagawana?"

Mke wangu alicheka mpaka machozi. Mimi nusura nitie gari mtaroni.

Mlima ukatokea. Gari likakohoa, likazima. Napiga stata, wapi! Juu kule pikipiki zinapita, lakini mpaka mtu ambebe mama apande naye mlima hadi kule, na mwanaume hapo ni mimi tu. Mikono yangu kumgusa mama mkwe? Nikashuka nikasimama pembeni nimempa mgongo, kama trafiki. Mke wangu akajaribu kumwinua peke yake. Yule mama alikuwa mzito kama trekta, hakunyanyuka hata kisigino.

Ndipo nikasikia sauti, siyo ya mke wangu. "Wewe. Nibebe."

Miaka yote hiyo, ndiyo mara ya kwanza ananiambia neno mimi mwenyewe. Na mimi nilifanya nini? Nikamgeukia mke wangu, nikamwuliza, "Mama anasemaje?"

Mke wangu akaanza kupiga yowe la msaada.

Wakaja wachunga ng'ombe. Kwanza wakacheka, shughuli baadaye. Mmoja akasema, "Huyu anaona haya, mama anaona kaburi." Wakalisukuma gari mpaka juu. Kwenye mteremko likawaka, tukaingia hospitali na moshi wetu kama treni. Mama akawekewa oksijeni ya kweli.

Mimi nikakimbilia gereji, maana lazima arudi nyumbani na gari lenye afya. Safari hii fundi akafuata waya mmoja mmoja, kutoka kwenye sensa mpaka kwenye kontroboksi. Akaguna. "Kumbe hii ya gari lililopinduka, waya wa sensa unakaa tundu la jirani." Akauhamisha ule mmoja. Muda wa kumenya yai. Taa ikazima, injini ikanguruma kama paka aliyeshiba.

"Sensa zote zilikuwa nzima, mura!" Anacheka, anapiga boneti. Na mimi nacheka. Tunacheka hivyo, simu ikaita. Mke wangu.

"Mama ameshakata pumzi."

Tukamrudisha kesho yake. Siti za nyuma tumelaza, jeneza kati, mke wangu kakaa pembeni yake. Shemeji yangu mbele na mimi. Ule mlima gari lilipanda kama mbuzi, halikukohoa hata mara moja.

"Limepona?" shemeji akauliza.

"Limepona."

"Lilikuwa linamsubiri afe."

Nilingoja nyuma mtu aseme, "Mama anasema." Nikangoja mpaka Itiryo. Kioo kilikuwa bado kinaangalia juu, sikukigeuza.